Hakiuzwi, Hakitupwi

Jirani, mtu akikunyooshea kitabu usikurupuke kupokea. Muulize kwanza: nikikimaliza nakipeleka wapi? Atakushangaa. Mwache ashangae. Kukipata kitabu ni dakika moja, kukiondoa ndani ya nyumba ndiyo shughuli pevu. Shati likichakaa linakuwa tambara la kudekia. Redio ikifa, fundi anaichukua kwa vipuri. Baiskeli ndiyo usiseme, Kasulu hii baiskeli haifi, inabadilisha mwenyewe tu. Sasa kitabu? Kitabu usichokitaka ni kama mgeni aliyekosa basi. Kakaa sebuleni, kimya, hana pa kwenda, na ukimfukuza wewe ndiye utakayeonekana huna utu.

Mimi ninavyo vya kutosha. Nyie mnaonikuta hapa kibandani nimeshika tama mnadhani ni madeni. Madeni ninayo, sikatai. Lakini haya mawazo ni ya vitabu.

Tena vingi si vyangu. Shemeji yangu, kaka yake mama watoto, ni mwalimu. Alipopata uhamisho wa kwenda mkoa wa mbali zilikuja katoni kwangu kwa bodaboda, na yeye nyuma yake anatabasamu. "Shemeji, nakuachia hizi kwa muda, nikishatulia nazifuata." Nikasema hakuna shida. Hayo maneno mawili ndiyo yaliyonimaliza maishani. Mwalimu anatulia lini? Nikimpigia anapokea vizuri tu. Anaulizia watoto, anaulizia mvua, anaulizia mpaka kuku. Nikigusa katoni, mtandao unakata.

Vingine ni urithi. Baba alipofariki kaka zangu waligawana migomba na shamba la kahawa. Mimi nilikuwa nimetumwa chumvi ya msiba. Narudi na chumvi yangu, nakuta nimebakiziwa sanduku. Baba alikuwa mtu wa kisomo. Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, basi mzee akaingia darasani na ndevu zake. Ikaja Operesheni Kigoma mwaka 1972, watu wanahamishiwa vijiji vya ujamaa, nyumba zimepangwa mstari. Watu walibeba vyungu, walibeba mbuzi, walibeba milango. Baba alibeba na vitabu. Mbuzi waliisha zamani. Vitabu vipo. Kuna kile cha kampeni ya Mtu ni Afya, ya mwaka 1973, ile ya kusikiliza redio kwa vikundi, kitabu mkononi, halafu mnatoka hapo mnakwenda kuchimba choo. Nchi nzima ilichimba. Choo cha baba kilishabomoka. Kitabu cha kuchimbia choo bado kiko imara.

Sasa mwaka huu maharage yamekubali. Wewe mwenyewe umeona. Mama watoto kavuna, kaanika, kapepeta, anataka chumba cha nyuma aweke magunia asubiri bei. Chumba cha nyuma kina katoni, sanduku, na mende wa katoni na sanduku. Akaniita. Akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Maharage yangu yakikaa yanapanda bei. Vitabu vyako vikikaa vinapanda nini?"

Nikamwambia vinapanda thamani. Akaniangalia tu. Akarudi jikoni, nikasikia sufuria zinawekwa chini kwa nguvu.

Nikaanza kuzunguka.

Kwa mama wa karanga pale stendi ndiko nilikokwenda kwanza, maana nilikuwa nimepiga hesabu. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019. Ile mifuko laini ikapotea, karanga, maandazi na vitumbua vikarudi kwenye karatasi. Nikasema hapa kuna dili, mimi nina karatasi za kufungia karanga za wilaya nzima. Nikabeba katoni begani. Jasho. Nikatua. Yule mama akatoa kitabu kimoja kimoja, anakipekua na kukinusa.

"Hiki karatasi yake inang'aa, inateleza, karanga zitamwagika. Hiki wino unaachia, mteja ataondoka na sentensi kwenye andazi. Hiki kidogo, karanga za jero hazienei."

Nikasema mama, hicho kidogo ni fasihi. Akasema fasihi haifungi. Akachagua kimoja tu, kipana, karatasi laini, akakipima kwenye mizani ya karanga. Bei aliyonitajia siitaji hapa, watoto wanapita. Alinilipa kwa karanga.

Na unajua kile alichochukua? Ndicho pekee nilichokuwa nakisoma. Nilikuwa nimefika pale binti anatoroshwa usiku. Basi nikawa napita pale stendi kila jioni nanunua karanga ili nipate kurasa. Kurasa zenyewe hazifuatani! Leo unapata harusi, kesho unapata mtu anazaliwa, keshokutwa orodha ya msamiati. Nimekula karanga mpaka tumbo limenisokota. Mpaka leo sijui yule binti walimpata au la.

Basi nikasema vitabu ni vya shule, virudi shule. Nikanyoa ndevu, nikavaa koti. Mwalimu mkuu, sitamtaja wala shule yake siitaji, akanipokea vizuri, akaniita mzazi, akanipa kiti. Nikafungua katoni. Uso ukambadilika.

"Hivi umevitoa wapi?"

Kumbe ndani mle kuna vitabu vya chenji ya rada. Unaikumbuka chenji ya rada? Mimi nilikuwa siikumbuki, mwalimu ndiye aliyenikumbusha, tena kwa sauti ya darasani. Nchi ilinunua rada kwa kampuni ya Uingereza, BAE Systems, kwa pauni milioni 28. Baadaye ikaonekana ile bei ina mambo, wenyewe wakachunguzana huko kwao, na mwaka 2012 kampuni ikatoa pauni milioni 29.5 zije huku. Zikaelekezwa kwenye vitabu na madawati ya shule za msingi. Mimi hapo hesabu ilinishinda. Rada tumebaki nayo, hela imerudi, tena na nyongeza juu. Nikamuuliza mwalimu, kwa nini tusinunue rada nyingine? Hakunijibu. Akanigeuzia jalada, kidole kwenye mhuri. HAKIUZWI.

Nikamwambia mwalimu, siuzi, nagawa. Akasema hicho ndicho kinachomtisha zaidi.

Sasa sikiliza shida yake, maana na yeye mwenzetu ana shida. Kwanza, mtaala umebadilika. Mpya ulianza kuingia Januari 2024, kuanzia awali, la kwanza na la tatu, unapanda mwaka hadi mwaka. Masomo mengine yamebadilika hata majina, sasa kuna Historia ya Tanzania na Maadili. Mimi naleta Haiba na Michezo! Somo lenyewe lilishazikwa. Wadhibiti ubora wakifika wakakuta mtoto wa la tatu anafundishwa haiba, nani atajibu? Pili, kitabu cha serikali ni mali ya serikali. Kimeandikwa kwenye leja. Hata kikiliwa na panya kikabaki jalada, lile jalada halitupwi hivi hivi, lazima lipite kwenye utaratibu wa kufuta mali chakavu, karatasi zijazwe, wakubwa wasaini. Akanichukua mpaka stoo kunionyesha. Jirani, niliogopa. Vitabu mpaka darini. Vilevile vyangu! Majalada yaleyale! Na mchwa wamejenga mnara katikati, nadhani na wenyewe wako kwenye leja.

Akaniambia kwa upole, mzazi, beba mzigo wako, na huyo shemeji yako mwambie anitafute. Nikabeba. Njiani mtendaji wa mtaa akanisimamisha, katoni limechanika pembeni, mhuri umechungulia nje. HAKIUZWI. Akauliza naenda kuuza wapi. Nilijieleza palepale barabarani, jua la saa sita, watoto wa shule wamenizunguka wanasoma kwa sauti: ha-ki-u-zwi. Wanasoma vizuri siku hizi, elimu imepanda.

Na usifikiri vitabu vya serikali vikiwa vipya ndiyo havina makosa. Mwaka 2017 vile vipya vya Taasisi ya Elimu vilikutwa na makosa ndani, ikawa kelele mpaka bungeni. Waziri wa elimu wakati huo alikuwa Profesa Joyce Ndalichako, ambaye 2020 akawa mbunge wetu hapa Kasulu Mjini, kwa hiyo mambo ya vitabu sisi tunayajua kwa ndani. Mimi kwa ndani siyajui, lakini nakaa mji mmoja na wanaoyajua. Na sasa hivi vitabu vya hiyo Taasisi unavisoma bure mtandaoni, kwenye simu. Binti yangu kanionyesha. Kitabu kizima kinaingia kwenye simu, ukikichoka unafuta na kidole. Nilimuuliza kama inawezekana kuingiza na vyangu mle halafu nifute. Alicheka mpaka akaenda kumwita mama yake waje wacheke wote.

Nikampigia binamu yangu wa Dar. Dar kila kitu kinauzika. Pale Posta vitabu vya mtumba vinapangwa chini barabarani, watu wa ofisi wanapita wanainama wanachagua, nimeona kwa macho yangu. Binamu akasema lete, ila wanachotaka ni vitabu vya Kiingereza vya kutajirika. Namna ya kuwa milionea, namna ya kuamka saa kumi alfajiri. Nikapekua. Vya kuamka saa kumi sina, mimi saa kumi naamshwa na jogoo bila kitabu na bado sina hela. Nilichonacho cha Kiingereza ni kile cha msaada kinachofundisha kuendesha gari kwenye theluji. Jirani, theluji. Kasulu hii kuna baridi ya asubuhi, siibishii, lakini siyo hiyo. Halafu nikauliza nauli ya mzigo kwenye basi mpaka Dar. Wanasema Kigoma ndiyo mwisho wa reli. Sisi wa huku juu tuko baada ya mwisho. Nauli ya katoni ilizidi bei ya vilivyomo, na binamu alitaka chake juu.

Hivi vya msaada navyo nimewahi kuambiwa asili yake. Kuna mama mmoja wa Kiingereza, Lady Ranfurly, mumewe alikuwa gavana wa Bahamas. Mwaka 1954 akaona watu wa kule hawana vya kusoma, akawaomba marafiki zake Uingereza wamtumie vitabu. Wakatuma. Kumbe kila mtu Uingereza ana chumba cha nyuma! Ile kazi ikakua, leo inaitwa Book Aid International, vitabu vinakuja Afrika kwa maelfu, na siku hizi wanasema wanachagua vizuri, vipya vitupu. Mimi sina neno na yule mama. Ila nilikaa nikawaza: wenzetu walipata pa kupeleka, wakatuletea sisi. Sisi tunampelekea nani? Bahamas nauli yake itakuwaje?

Kingine cha Kifaransa. Hiki nacho kina historia. Nilikipata Kibondo, ukweni, enzi zile Warundi wa Nduta walipoanza kurudishwa kwao, mwaka 2017. Kambi ya Nduta ilifunguliwa tena 2015 walipokimbia, watoto wao wakawa wanasoma mtaala wa kwao humohumo, Kifaransa na Kirundi. Anayeondoka anapunguza mzigo. Mimi nilifuata ndoo. Ndoo zikawa zimeisha, nikabaki na kitabu. Kizuri, jalada gumu, jekundu. Nikawa nakuja nacho hapa kijiweni, nakifungua, natikisa kichwa. Mkiniuliza nawaambia siasa. Hapana, usikatae, na wewe uliniuliza, na ulinisikiliza nilipokuwa nachambua mambo ya Ulaya. Sasa siku moja yule kinyozi Mkongomani, kijana wa watu, yuko na mashine kichwani kwangu, upande mmoja umeshanyolewa. Akachukua kitabu, akasoma jalada, akasoma ndani. "Mzee, hiki ni cha kufundisha wasichana kushona." Saluni ikanyamaza. Na huwezi kuondoka, umenyolewa upande mmoja.

Lakini yote hayo ni maji ukilinganisha na habari ya choo.

Choo chetu ni cha shimo, nyuma ya migomba. Nikasema potelea mbali, kama havitakiwi duniani vitakwenda chini. Nilianza na cha baba, cha Mtu ni Afya, roho ikakataa. Kitabu kimewafanya watu wachimbe vyoo, halafu wewe unakitumbukiza? Nikachukua kimoja cha katoni ya shemeji, cha Kiingereza, kinene, Baiolojia ya sekondari. Nikakitoboa msumari, nikatia kamba, nikakitundika ukutani vizuri. Sikukisoma. Choo siyo maktaba. Nilichana kuanzia nyuma, nikawa nashuka na kurasa taratibu.

Wiki hiyo akaja mama mkwe kutoka Kibondo. Na asali yake, maana mama mkwe haji mikono mitupu, asali ya Kibondo nzito, ya msituni. Tumemkaribisha, kuku kachinjwa, mimi nimekaa mbali kwa adabu, unajua mambo ya ukwe na sisi Waha. Akaomba kujisaidia. Akaelekezwa. Akakaa. Akakaa sana. Nikamwambia binti mpelekee bibi maji, labda maji yamemwishia.

Akatoka. Hakunitazama. Alipita upande wa pili wa migomba ili asinipitie karibu.

Kumbe jirani, kurasa zilikuwa zimeshuka zimefika kwenye sura ya uzazi. Picha kubwa! Upande mmoja mwanamume, upande wa pili mwanamke, kila kiungo kina mshale na jina. Kiingereza mama hajui, lakini mshale unahitaji Kiingereza gani? Mkwe wake kamwekea hayo usawa wa macho! Kuku hakumgusa. Alisema kashiba. Kashiba nini na hajala? Nikamsikia jikoni anamwambia mwanawe kwa Kiha, sauti ya chini, kwamba mumeo anabandika vitu ukutani. Mimi Kiha ndicho nilichonyonya, siku hiyo nikajifanya sikielewi. Kesho yake alfajiri kapanda Noah, karudi kwake.

Na mimi najiuliza, nani alimwambia aangalie?

Mama watoto hakusema neno. Alisema kwa sufuria. Baadaye akanipa hukumu: nenda Kibondo ukaombe radhi, na ukienda, beba katoni za kaka yangu umpelekee mama yake, ndiye mwenye mtoto. Jirani, hapo nilimpa mkono wangu mke wangu. Akili! Mwalimu hajatulia, lakini mama yake katulia. Katoni ziende kwa mama.

Tukaenda, mimi na katoni. Noah ya abiria saba tulikuwa tumepakana sijui wangapi, buti limejaa, konda akasema katoni ni abiria, lipa siti. Nikalipa siti. Kufika Makere, pale pa kuelekea kambi ya Wakongo ya Nyarugusu, akapanda mama mwenye mtoto, konda akasema katoni limpishe. Nikasema nimelilipia. Abiria wote wakanigeukia. Mzee mzima unabishana na mtoto mchanga kwa ajili ya katoni? Nikaliweka mapajani. La pili likaenda juu kwenye keria. Mvua ikaja. Maji ya katoni yana rangi ya jalada, yanapenya kwenye paa yanakudondokea shingoni, mara bluu, mara kijani. Nimeingia ukweni kuomba radhi na shati la rangi hizo.

Mama akanipokea kwa heshima, macho chini. Nami macho chini. Nikaomba radhi kwa kuzunguka, nikasema kuna mambo ya elimu yalitokea. Akasema yameisha. Nikashukuru. Nikavuta katoni mbele, nikasema mama, huu ni mzigo wa mwanao, nimeona ukae kwa mzazi.

Mama akazitazama zile katoni. Akatazama kamba. Akacheka, mara ya kwanza tangu nimemwoa mwanawe.

"Kamba hii nilifunga mimi."

Kumbe zilianzia kwake! Shemeji aliziacha pale Kibondo miaka ile, kwa muda, mpaka atulie. Mama kavumilia, dari likaanza kuliwa na panya, akamwambia mwanawe zitoe humu. Naye akazileta kwangu. Nimelipa siti kuzirudisha zilikotoroka. Na mama kwa sababu amefurahi, na kwa sababu radhi imepokelewa, akanifungashia. Dumu la asali, na katoni nyingine mbili ambazo bodaboda siku ile ilishindwa kubeba. Mkwe anapopewa kitu na mama mkwe anasema nini? Anasema ahsante. Anapokea kwa mikono miwili. Nimerudi Kasulu na katoni nne, nimelipa siti mbili, asali imemwagikia Jiografia, nyuki wametusindikiza mpaka tulipoiacha Kibondo nyuma.

Nafika nyumbani usiku, natetemeka. Nikajua sasa nafukuzwa. Mama watoto akatoka na tochi, akamulika katoni, akahesabu. "Nne?" Nikasema nne. "Afadhali. Nilikuwa nimepungukiwa."

Wewe unadhani nilielewa? Akanipeleka chumba cha nyuma. Afisa ugani kapita nilipokuwa safarini, kawaambia akina mama gunia la maharage lisikae sakafuni, linavuta unyevu, maharage yanaota ukungu. Liinuliwe kwenye chaga. Mbao bei gani siku hizi? Mama watoto kachukua sanduku la baba, kachukua vitabu vyote vilivyobaki, kavipanga sakafuni mstari kwa mstari, kimo kimoja, imara, Operesheni Kigoma yenyewe. Magunia juu yake. Mtu ni Afya kiko kona ya mlango kimebeba kilo mia. Zile katoni nne usiku uleule zikafunguliwa, zikapangwa, na magunia yaliyokuwa sebuleni yakahamia. Chumba kinapendeza. Hakuna aliyenipongeza.

Basi nikasema nimepona. Nimekaa kwa amani mpaka juzi jioni. Binti yangu yuko kidato cha tatu. Kaingia na begi lake. "Baba, mwalimu wa Kiswahili anataka kila mtu awe na kitabu cha Takadini kesho. Asiye nacho haingii darasani." Kila nyumba iliyowahi kupitisha mtoto wa kidato cha nne ina Takadini, yetu inacho, nilikiona kwa macho yangu. Nikamwambia kipo. Kiko wapi? Kiko chini ya magunia.

Jirani, hivi unajua gunia la maharage lilivyo? Halishikiki. Unalikumbatia linakukimbia. Mama watoto kashika tochi, hashiki gunia. Binti kalala kifudifudi sakafuni, kaingiza mkono, anasoma migongo ya vitabu. Nanyanyua. Kiuno kinalia. "Vuta!" Anavuta, kinakuja Ngoswe. "Siyo hicho, baba." Nashusha. Nahamia gunia la pili. Nanyanyua. Kinakuja Kilio Chetu. Nashusha. Kinakuja cha theluji. Jirani yangu wa ukuta wa pili akaja kuuliza kama tunahama usiku. Gunia la nne ndiyo kikatoka, jalada halina, kimenyooka kabisa kwa uzito, utadhani kimepigwa pasi. Binti kakikumbatia kakimbia.

Mimi nimekaa chini naitafuta pumzi. Mama watoto kainama, kamulika lile pengo lililobaki chini ya gunia. Akalisukuma gunia kidogo kwa kiganja. Likayumba.

"Baba, kesho ukienda mjini nitafutie kitabu cha unene uleule. Ila kiwe kikavu."